Moyo Mbio, Miguu Kimya

La Esperanza, 3 Machi 2025
Mwanangu Marleny,
Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti langu na baridi. Tangu kazini kwenu wawavishe bangili ya kupima moyo, kwa kuwa mnashinda vitini mkipokea simu za watu, ukaiunganisha na simu yangu, nami naona mapigo yako. Kila Jumapili moyo wako unakwenda mbio na wala hujapiga hatua. Una nini?
Mama yako

San Pedro Sula, 5 Machi
Mama,
Shikamoo. Mimi mzima. Ni mpira tu. Timu yetu ya Marathón ikifungwa, mume wangu Nahún nami tunapiga kelele mpaka majirani wanalalamika. Usiiamini sana bangili hiyo. Wenzangu huwavisha mbwa wao ili bosi adhani wametembea!
Binti yako

10 Machi
Marleny,
Goti bado. Jana Marathón haikucheza, nimeuliza dukani. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nahún anakupiga?
Mama yako

13 Machi
Mama,
Ndiyo. Jumapili alinikaba kwa waya wa chaja, akanibamiza kichwa kwenye sinki. Meno mawili yametoka. Jana amesoma ujumbe wako. Amenivua bangili, akavaa yeye, anacheka: "Mama yako naye auone moyo wa mwanaume!" Amenifungia ndani. Naandika kwa simu ya jirani, kanipa dirishani. Jumapili hii ataniua. Mwambie kaka Fausto anitoe. Anitoe tu.
Binti yako

17 Machi
Mwanangu,
Hali yako naiogopa hata kuiuliza. Jana niliketi na simu mapajani tangu asubuhi. Moyo wa Nahún ulikuwa umetulia, mtu anakunywa kahawa yake. Mara ukaanza kukimbia, na miguu haikusogea. Nikajua Fausto niliyemtuma amefika. Niliutazama ukipanda nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha ukakatika. Fausto hapokei simu. Wamemuua Nahún?
Mama yako

20 Machi
Mama,
Shikamoo. Goti je? Hakufa. Fausto na wenzake walimkandamiza kwenye sinki ileile, Fausto akamkata mkono kwa panga, wenye bangili. Nilipiga kelele aache, Mama, mimi nilitaka kutolewa tu. Lakini nimelala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu niolewe.
Mimi na Fausto tunakuja huko. Ila kazini wanaidai bangili yao kila siku, na Fausto aliuzika ule mkono uani bila kuivua. Niwajibu nini?
Binti yako