Bi Nuru wa Mnarani

Mama, shikamoo. Nimefika Bagamoyo salama, na leo nimekula pweza wa nazi kwa Bi Nuru, anayekaa karibu na mnara wa taa. Zamani taa ile ilikuwa ya mafuta, na mwashaji alikuwa babake. Jioni moja homa ilimlaza na vyombo bado viko baharini, basi mkewe akapanda kuiwasha, na mimba yake kubwa. Taa ilipowaka tu, uchungu ukamshika, akajifungulia huko huko juu. Mtoto ndiye Bi Nuru.

Nikamwomba tupande sote. Akacheka. "Panda mwenyewe, mwanangu. Mimi tangu niteremshwe mchanga sijarudi. Naona kizunguzungu."

Nilipanda peke yangu. Juu pamebana, hata kujinyoosha huwezi. Nikakuombea dua, Mama, wewe uliyenizaa.

Mwanao akupendaye,
Zuhura