Marahaba Zilizowaka Kooni

Mjomba,

Bado unaulizwa hapa Msimbazi. Juzi mama mmoja wa Magomeni alisimama mlangoni: "Yule mzee wa 'njoo ushike, kushika bure' yuko wapi?" Nikamwambia umetangulia. Akanunua doti mbili za vitenge bila kuomba nipunguze. Dukani kwangu hilo halijawahi kutokea, tangu nilipokuwa natandika chini na wewe ukiniitia wateja.

Nina hasira bado. Si na ugonjwa. Ugonjwa ni ugonjwa. Ni ile picha ya kwanza ya PET. Mionzi ulishaimaliza, tukaambiwa kipimo hicho ndicho kitaonyesha kama uvimbe wa koo umekwisha. Unachomwa sindano ya sukari yenye mionzi, unakaa kama saa moja, halafu mashine inaonyesha sukari imekimbilia wapi. Wahudumu wakakuchoma, wakakwambia, "Mzee, pumzika hapa." Sisi ndugu tukabaki nje.

Ukapumzika kama unavyopumzika kibarazani kwangu. Kila mgonjwa aliyeingia alikupa shikamoo, na kila mmoja ulimwitikia, ukamuulizia na watu wa nyumbani.

Kwenye picha koo likawaka. Daktari akasema huenda uvimbe umebaki, huenda ni misuli tu imefanya kazi. Kama ni uvimbe, itabidi wakate pale penye sauti. Nikambana anipe namba: kati ya picha kumi kama hii, ngapi huwa ni uvimbe? Akasema hana. Ndipo akauliza, "Kwani mzee aliongea?"

Ukanigeukia mimi: "Zuhura, mtu ananiamkia, nimnyamazie? Nimegombana naye?"

Wiki zile za kungoja picha ya pili ulinadi vitenge kwa kunong'ona, ukiogopa kulichosha koo. Wewe. Wateja walidhani unawapa siri. Mimi nilikuwa nageukia ukutani usinione nalia. Na siku ile ya kwanza neno moja tu kutoka kwao lingetosha, Mjomba: usiseme, misuli ya koo inakula sukari.

Picha ya pili ulifunga mdomo, koo likatoka safi. Sauti ukabaki nayo hata ugonjwa uliporudi kwenye mapafu. Mpaka wodini uliwanadia wagonjwa mashuka ya hospitali.

Sasa Mzee Kondo, muuza kahawa wako, naye ametokwa na uvimbe shingoni. Alipopangiwa kipimo kile kile nilikata boksi la vitenge, nikaandika kwa kalamu ya maka: "Marahaba. Nimekatazwa kusema mpaka nipigwe picha." Akaingia amelivaa kifuani. Nesi alicheka, halafu akaja nje kuniuliza kama naweza kuleta mengine. Nimepeleka. Picha ya Kondo haikubishaniwa. Wanajua uvimbe uko wapi na umefika wapi, na matibabu ameanza. Kahawa yake bado mbaya.

Nakuahidi hivi: duka hili likiwepo, maboksi yake hayatupwi. Yakichakaa yale, napeleka mengine.

Haya, Mjomba. Nafunga duka. Shikamoo.

Safari hii usiitikie. Pumzika.