Taa Imezimika Tangu Septemba

Bi Roswitha mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Husoma safu yako gazetini kila Ijumaa, na sasa ninaomba msaada wako kwa jambo nililolianzisha mwenyewe na sasa linanishinda. Nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari hapa Kulmbach, na mwalimu wetu wa lugha anasema barua nzuri hutaja shida mapema, kwa hiyo naitaja: tangu Septemba nimemdanganya baba yangu kila wiki kuhusu taa moja ndogo ya gari, na Jumatatu ijayo, kwa sababu ya uongo huo, baba anauza gari.

Gari lenyewe ni la milango minne, la dizeli, la mwendo wa mbio, na baba alilinunua kwa ajili ya kazi, maana alikuwa fundi wa matanuri ya mikate na kila wiki alizunguka majimbo ya Ujerumani, Bavaria hadi Hesse na Thuringia, leo Bamberg kesho Fulda, na tangi moja lilimpeleka kilomita mia tisa bila kulalamika, lakini miaka miwili iliyopita kampuni ilimweka nyumbani, sasa anatengeneza matanuri kwa simu akiwa chumba cha chini, kutwa nzima anasema "bonyeza cha kushoto, hapana, kushoto kwako," na jioni akipanda juu maneno yamemwishia, anakula, anaosha sahani yake, anasema "asante" na "lala salama," basi. Gari nalo likabaki la kwenda kununua mikate na kunipeleka mazoezi ya mpira wa mikono, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, na injini ya dizeli haipendi safari fupi, haipati moto wa kutosha, masizi yanajaa kwenye kichujio cha moshi, na Septemba taa ya kichujio ikawaka.

Baba mdogo Volkmar alicheka sana. Yeye ana gari lilelile, la mwaka uleule, ila la petroli.

"Kaka, gari lako linakohoa kama marehemu babu!"

"Na lako linakunywa kama wewe siku za sherehe ya bia," baba akamjibu.

"Lakini asubuhi napata joto kabla sijafika kwenye kona. Wewe unafika kazini umeganda... ah, samahani, wewe kazini unashuka ngazi tu."



Dawa ya kichujio ni barabara kuu, nusu saa na zaidi kwa mwendo wa juu bila kusimama, ili masizi yaungue. Baba akanipa usukani, kwa kuwa nilikuwa nimepata leseni, na mpaka nitimize miaka kumi na minane lazima mmoja wa watu walioandikwa kwenye karatasi yangu akae pembeni yangu. Jumapili tulielekea Schweinfurt. Taa ilizimika karibu na Eltmann, na baba hakusema lolote kuihusu kwa sababu alikuwa anaongea. Bi Roswitha, alikuwa anaongea!

"Unaiona njia ya Scheßlitz? Pale kulikuwa na mwokaji, Mzee Dütsch, tanuri lake likakataa kuwaka siku mbili kabla ya Krismasi. Nafungua, nakuta nini? Panya amejenga kwenye feni, amejitandikia karatasi za keki! Mzee analia, mimi nacheka, panya anatutazama wote wawili. Shika katikati ya njia yako, mama, usinitazame mimi."

Kila njia ya kutokea ilikuwa na mwokaji wake. Tuliporudi nyumbani akaosha sahani yake, akasema lala salama, na nikajua kwamba yale maneno yamebaki barabarani. Jumatano iliyofuata nilirudi kutoka mazoezini na mama, ambaye ni muuguzi na siku hiyo ndiye msimamizi wangu, ingawa husinzia kabla hatujatoka kwenye maegesho, nikashuka chumba cha chini nikamwambia baba, "Taa imewaka tena." Haikuwaka. Nimesema hivyo kila Jumatano hadi leo, na kila Jumapili tunatoka, mara nyingine naongeza, "Leo ilipepesa tu," ili isionekane nimekariri. Wiki ya tatu baba alikuja garini na kopo la keki ya plamu na chupa ya chai.

Nisije nikaonekana napendelea, nimeendesha gari la baba mdogo pia, kwa sababu mwalimu wa fizikia anasema usihukumu ambacho hukukipima, na ni kweli injini yake inaimba vizuri ukiikanyaga, joto linatoka mapema, na ukitoka kituo cha mafuta mikono hainuki. Letu asubuhi za baridi linagonga kama vijiko kwenye droo na kwenye pampu navaa glavu ya plastiki. Lakini likipanda mlima wa Stadelhofen nagusa kidogo tu, bila kubadili gia, nalo linanisukuma mgongoni polepole kwa nguvu, kama baba alivyokuwa akinisukuma kwenye bembea. Siku tuliyokwenda kwa shangazi Fulda kwa magari mawili, baba mdogo alilazimika kuingia kituo cha mafuta, na baba akashusha kioo akapiga kelele, "Likimaliza kunyonya mtatukuta mezani!" Kicheko kile nilikuwa sijakisikia mwaka mzima.

Sasa Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, baba alimwambia baba mdogo, "Nimechoka nalo. Huyu mtoto ana miaka kumi na saba, wenzake wako sinema, yeye kila Jumapili yuko na mimi barabarani anaunguza masizi. Si haki. Nitachukua la petroli kama lako." Baba mdogo hakucheka hata kidogo. Mnunuzi anakuja Jumatatu jioni.

Nikisema ukweli, baba ataona nimemchezea miezi mitano, na pengine hatakaa tena pembeni yangu. Nikinyamaza, gari linaondoka, na la petroli halihitaji kutembezwa. Tena mwezi wa tatu natimiza miaka kumi na minane, sheria haitanitaka niwe na mtu, na nitakuwa sina sababu yoyote ya kumwita. Nifanye nini?

Msichana wa Jumapili, Kulmbach

*

Msichana wa Jumapili,

Marahaba. Acha nikugombeze kwanza ili tumalize. Taa ya gari si ya kuchezea. Siku ikiwaka kweli, nani atakuamini? Na hiyo dizeli yote mliyoichoma kutibu kichujio kizima, hukuiona aibu? Haya, nimemaliza. Futa machozi kama yapo.

Sasa nisikilize. Niliendesha gari la dizeli miaka kumi na minne, na nakwambia kichujio kilichochomwa vizuri Jumapili hakijai Jumatano kwa sababu ya mikate na mpira wa mikono. Hilo nimelijua nikiwa mezani kwangu na kikombe cha kahawa. Baba yako ni fundi, aliyemkuta panya kwenye feni. Amekaa pembeni yako miezi mitano, dashibodi iko pale pale, na hajawahi kuinamisha shingo kuitazama taa? Anayeamini gari lake linaugua kila wiki hulipeleka gereji. Yeye alileta keki ya plamu!

Siapi kwamba anajua. Lakini soma tena maneno yake uliyoniandikia. Sentensi mbili tu zinahusu gari, nyingine zote zinakuhusu wewe. Kama hajui, anauza gari zima kwa ugonjwa wa kubuni. Kama anajua, anajinyima ili akurudishie Jumapili zako, na hakuna aliyemwambia kwamba huzitaki. Vyovyote iwavyo, mwenye habari ni wewe, na umeikalia.

Kuhusu gari, mwachie mwenyewe aamue. Mtu anayekwenda kununua mikate tu hana haja ya dizeli, na baba yako mdogo, pamoja na mdomo wake wote, katika hilo hajakosea. Mkiendelea kwenda mbali kila wiki, mambo yanabadilika. Lakini uamuzi huo ufanywe na mtu aliyeambiwa ukweli. Na akichagua petroli, nalo lina kiti cha pembeni.

Gazeti hili linatoka Ijumaa na mnunuzi anakuja Jumatatu, kwa hiyo siku yako unaijua. Usije ukaliacha limefunguliwa ukurasa huu karibu na kikombe chake ukatoroka kwenda mazoezini, nawajua ninyi. Sema kwa mdomo ule ule uliodanganya. Jumapili mkishakula, mwambie mnatoka. Kaa kwenye usukani, funga mkanda, washa injini, mwombe atazame dashibodi. Kisha sema, "Baba, hakuna taa. Haijawaka tangu Septemba. Nilitaka tu twende."

Halafu nyamaza. Akikasirika, vumilia, umejitakia. Akikaa kimya, ingia barabarani taratibu. Sidhani kama mtafika Scheßlitz kabla hajapata la kusema.

Na huo mwezi wa tatu usiuogope. Mpaka leo amekaa pembeni yako kwa sababu jina lake liko kwenye karatasi. Siku utakapokuwa humhitaji tena kisheria, shuka chumba cha chini, gonga mlango, mwambie gari liko tayari. Hapo ndipo atajua kwamba ni yeye uliyekuja kumwita.

Keki asisahau.

Bi Roswitha