Chaki Chini ya Meza ya Kukatia

Jumapili, 4 Machi

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na cherehani bado inakutii. Huku wote wazima isipokuwa mmoja, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ningepiga simu, lakini simu ni ya mama, na mama hasogei mbali nayo.

Mdogo wangu Kishindo ameungua. Wiki tatu sasa. Birika lilianguka jikoni, maji ya moto yakammwagikia mkono wa kulia. Mama yuko kazini mchana kutwa, kwa hiyo nikitoka shule ni mimi ninayempeleka zahanati kubadilishwa bendeji. Ana miaka mitano tu, lakini akianza kulia foleni nzima inageuka. Juzi alijipinda mpaka kidonda kikachanika upya. Muuguzi akaniambia asipotulia watamlaza, maana hivi tunavyokwenda mkono utapona ukiwa umekunjika. Unanijua, mdomo wangu hufunguka tukishaondoka.

Nikakumbuka chumba chako cha kushonea. Radi ikipiga ulikuwa ukinikalisha chini ya meza ya kukatia, ukinipa chaki bapa na kipande cha kitambaa cheusi. Nakumbuka harufu ya mafuta ya cherehani, na miguu yako ikikanyaga mbele ya uso wangu. Sikuwahi kujua radi imekoma saa ngapi. Lakini ulinifanyia nini hasa, sikumbuki. Nilimchorea Kishindo ua zuri, nikamwambia alifuate kwa mkono wa kushoto, akikosea nafuta. Alinirushia raba usoni.

Niambie ulifanyaje.

Mwanao

*

Ijumaa, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, na cherehani imebaki kelele tupu, kama mwenyewe. Mpe pole mgonjwa wangu.

Hiyo raba alikurushia vizuri. Nani alikutuma umfundishe kuchora? Mimi sikukufundisha kitu. Nilikuambia uweke chaki kwenye kitambaa, uvute pumzi chaki ikipanda, uitoe chaki ikishuka, na usiinue mkono mpaka kitambaa kiishe. Basi. Hakuna ua, hakuna nyumba yenye madirisha mawili. Ukifika ukingoni unakung'uta, unaanza tena. Na wewe chora wako pembeni, usichungulie wake. Mtoto anajua akipimwa. Mkono wa kushoto ndio mzuri zaidi, haujazoea kujisifu.

Nikuambie jambo ambalo sikuwahi kulisema. Radi ile ilikuwa inanitisha na mimi. Wewe ulichora chini ya meza, mimi nilichora juu. Na kabla yako nilikaa hivyohivyo na mama yako, siku ambazo wazazi wetu walikuwa wakigombana chumba cha pili.

Lakini barua yako ina mahali mshono umeruka. "Birika lilianguka." Mabirika hayatembei, mwanangu. Sikulazimishi.

Nimeweka ndani ya bahasha chaki mbili na mabaki ya kitambaa.

Mama mkubwa wako

*

Jumanne, 27 Machi

Mama mkubwa,

Shikamoo, na unisamehe ukimya. Natumaini hujaumwa. Kila jioni nilianza barua hii, nikaishia kwenye salamu.

Chaki inafanya kazi. Siku ya kwanza Kishindo alichora mstari kama mnyoo uliokanyagwa, akaniuliza kama amekosea. Nilimwambia hapa hakuna kukosea, akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu kibovu. Tulikung'uta, tukaanza tena, mpaka sakafu ikawa nyeupe. Siku ya nne tulikwenda na kitambaa zahanati. Muuguzi alipofungua bendeji, Kishindo alilia, kulia alilia, lakini macho yalibaki kwenye chaki na mkono ulibaki pale ulipowekwa. Muuguzi akaniuliza kama huo ni mchezo au ni dua. Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema, "Ni chaki tu." Jana daktari aliunyoosha mkono, akasema hakuna haja ya kumlaza.

Sasa mshono ulioruka. Birika nililiweka mimi, ukingoni mwa meza, mpini ukitazama nje. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kitabu, kesho yake nilikuwa nasoma kwa sauti mbele ya darasa, kwa lugha ya kigeni, na niliogopa kuchekwa. Mama anaamini Kishindo alipanda kiti akalichokoa. Siku ileile, mkono umefungwa mpaka begani, mama alimuuliza ni mara ngapi amemkataza kugusa birika. Nilikuwa nimesimama palepale, Mama mkubwa. Nimeshika beseni.

Na jana, tukichora, Kishindo akasema bila kuinua chaki, "Wewe uliliweka pale, mimi nikalivuta. Usimwambie mama, atakugombeza na wewe."

Yaani alikuwa anajua. Wiki zote hizi alikuwa ananifichia.

Mwanao

*

Jumamosi, 31 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila ninaandika uzi ukiwa kwenye sindano, kwa hiyo nitasema machache.

Mtoto wa miaka mitano amekubebea mzigo wako wiki sita, tena kwa mkono mmoja. Mtue. Mama yako hatalisikia kwangu, si zamu yangu. Mdomo ukikataa, anza mstari, kisha sema ukiwa katikati. Usingoje woga uishe. Mimi nangoja tangu usichana wangu.

Mama mkubwa wako

*

Jumapili, 8 Aprili

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumaini nguo zimeisha na umepata kulala mchana.

Nimemwambia mama. Alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nilikaa mezani na karatasi hii, nikaanza mstari, na katikati nikasema, "Mama, birika nililiweka mimi." Hakugeuka. Bomba likaendelea kutoa maji. Sikuinua penseli. Nilipanda, nikashuka, nikapanda.

Kisha akafunga bomba. Hakunigombeza, wala hakuniambia si kitu. Alimwita Kishindo, akachuchumaa mbele yake akamwomba msamaha, mikono bado ina povu. Kishindo akauliza kama sasa anaruhusiwa kugusa birika. Akaambiwa hapana.

Halafu mama akavuta kiti. Akauliza karatasi hii inakwenda kwa nani. Nilipomwambia ni yako, akanyoosha mkono nimpe penseli.

Geuza nyuma uone. Mstari wa juu, unaotetemeka mwanzoni, ni wangu. Wa katikati, ulioparamia mpaka mezani, ni wa Kishindo, na ameuchora kwa mkono wa kulia. Huo wa chini ni wa mama, na mimi sikumfundisha. Nilimsikia tu akivuta pumzi ulipopanda.

Mwanao