Majivu Juu ya Lenzi

Shule ya Kati,
Mbeya.
2 Novemba 1956

Mpendwa mdogo wangu Tusekile,

Nakusalimu wewe, shemeji Ambrosi na watoto wote. Natumaini kifua cha shemeji kimepata nafuu kwa kuwa baridi ya Iringa imepungua. Mimi mwili hauna neno. Mama yetu huko Rungwe ni mzima, ila macho yanazidi kufifia, naye humwuliza kila mgeni habari zako kabla hata ya kumpa kiti.

Huku mvua bado. Milima imechomwa, Loleza yote ni nyeusi, na moshi umelala juu ya mji tangu wiki iliyopita. Darasani tunakohoa, walimu kwa wanafunzi.

Barua yako ya tarehe 20 Oktoba nimeipokea. Unauliza kwa nini Paskalina amerudi nyumbani karibu kabisa na mtihani wa darasa la nane, na unasema yeye hatoi jibu ila kwamba amechoka na masomo. Tena unasema shemeji amekwisha kupokea wazee waliokuja kumposa. Tusekile, mtoto wako hakuchoka na masomo. Alifukuzwa, na aliyesababisha ni mimi. Kaa chini usome mpaka mwisho, kisha umsomee shemeji.

Vita vyangu unavijua. Kwa miaka miwili shule yetu ilikuwa na hadubini, chombo cha shaba chenye bomba na lenzi. Ukichungulia ndani yake, kitu kisichoonekana kwa macho huwa kikubwa kama kiganja. Lakini kilifungiwa kabatini kwa Meneja wa misheni. Siku ya Mkaguzi kilitolewa, kikapanguswa vumbi, kikarudishwa. Watoto walijifunza sayansi kwa kunakili ubaoni. Nilipouliza, Meneja akasema mikono ya watoto wa milimani haijazoea vitu vya kioo. Nikaandika gazetini mara tatu, nikauliza hiyo mikono itazoea vipi kitu kilicho chini ya ufunguo. Barua ya tatu ilisomwa hata bomani, na mwezi wa Agosti hadubini ikaletwa darasani kwangu.

Sijapata furaha kama ile. Niliwafundisha polepole: geuza kioo cha chini kielekee dirishani kinase mwanga, anza na lenzi fupi isiyokuza sana kabla ya ile ndefu, unaposhusha bomba tazama kwa pembeni, lisije likagonga kipande cha kioo kilichobeba kitu mnachotazama, kisha weka jicho, na upandishe tu, usishushe. Tulitazama ngozi ya kitunguu iliyotiwa tone la dawa ya vidonda. Wengi waliona giza tu, wengine waliona kope zao wenyewe. Paskalina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Bila kuondoa jicho akasema, "Mjomba, kumbe kitunguu kimejengwa kwa matofali." Darasa likacheka kwa sababu alisahau kuniita Mwalimu.

Sasa lisikie kosa langu. Nyumbani kwangu Paskalina ndiye aliyesafisha chemni, kile kioo cha taa ya mafuta, kila jioni, kwa majivu aliyoyachekecha na kitambaa kikuukuu, na katika nyumba zote za walimu hapakuwa na chemni iliyong'aa kama ile. Siku moja, nikiwaonya wanafunzi kuhusu usafi, nilisema mbele ya wote, "Itunzeni hadubini kama Paskalina anavyoitunza chemni ya taa yangu." Nilitaka kumsifu. Sikusema hata neno moja kwamba lenzi si chemni. Kitabu cha maelezo kilisema karatasi laini tu. Nilikisoma mimi, wao sikuwasomea.

Zamu yake ilipofika, alikuta alama ya kidole chenye mafuta kwenye lenzi ndefu. Akaleta majivu kutoka nyumbani, akaisugua kwa bidii yake yote. Kesho yake kila tulichotazama kwa lenzi ile kilikuwa ukungu. Ilikuwa imekwaruzika, haitengenezeki.

Meneja alituita ofisini, mimi, Paskalina na Mwalimu Mkuu Edmund. Akamuuliza mtoto ni nani aliyemfundisha kusafisha namna ile. Alinitazama, Tusekile. Alinitazama kidogo tu, halafu akatazama sakafu. "Hakuna mtu, Bwana. Nilifikiri mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Meneja akanigeukia, akasema, "Basi, Mwalimu Asukile, hii ndiyo mikono uliyoiandikia gazetini." Nami, badala ya kusikia kwamba mtoto amenisitiri, nilisikia hoja inayotaka jibu. Nikajibu kwamba uzembe wa mwanafunzi mmoja usiwe hukumu ya wote; aadhibiwe aliyekosa, chombo kibaki. Nilisema vizuri sana. Hata Edmund, asiyenipenda, aliitikia kwa kichwa. Nikashinda: hadubini ikabaki darasani na lenzi yake fupi, na Paskalina akaambiwa afungashe.

Usidhani nimemsamehe Meneja. Kabati lile lilikuwa dhuluma, nami nitasema hivyo mpaka nizikwe. Lakini nimepigana na watu wengi kwa kalamu, na siku zote nilijiona niko upande wa wanyonge. Siku ile mnyonge alikuwa amesimama kando yangu, na mimi nikamwita mzembe ili nisishindwe ubishi.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza kwenye basi la Iringa. Nilitamani anilaumu, nipate la kujibu. Alisema tu, "Mjomba, majivu niliyochekecha yako kwenye kopo nyuma ya mlango." Basi likaondoka. Tangu siku hiyo chemni imekuwa nyeusi na sijaigusa. Barua hii naiandika mchana.

Barua yako ndiyo iliyonivunja. Kumbe hata kwenu hakunitaja. Juzi Jumatano nilimwomba Meneja na Edmund waje darasani, nikasimama mbele ya wote, nikaeleza haya niliyokueleza wewe. Sikutaka kuyaandika, maana kwenye karatasi najua mno kujitetea.

Majibu nimepewa jana. Jina la Paskalina halijafutwa katika orodha ya mtihani. Akiwa darasani kabla ya Jumatatu tarehe 19, ataufanya. Hadubini imerudi kabatini, na wanafunzi thelathini na mmoja hawanitazami usoni. Mimi ikifika Januari nahamishiwa kijishule cha madarasa manne huko Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, na kuandika gazetini nimekatazwa. Kwa mara ya kwanza sikubishana.

Kwa hiyo nakuomba, shemeji awaambie wale wazee wasubiri, na Paskalina apande basi mapema. Hatalazimika kukaa kwangu. Mwalimu Lusia, anayefundisha kushona, ameshamtandikia kitanda. Lakini msimlazimishe. Mpeni barua hii aisome mwenyewe. Akisema haji, ana haki, nami sitaandika tena kumshawishi.

Nafunga pamoja na barua hii mchoro wake wa kitunguu. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu, "Umeona vizuri." Ni kweli. Aliona vizuri pia siku ile ofisini, aliponitazama.

Nisalimie shemeji Ambrosi, ingawa sijui kama atazipokea salamu zangu. Nisalimie mama mkwe wako Apolonia, na wadogo zake Paskalina, Liberatus na Tekla. Mungu awashike ninyi nyote kwa mkono mwema kuliko huu wangu.

Wako akupendaye, aliyechelewa kusema,
kaka yako,
Asukile