Tiki ya Kijani

Mwenzangu, nimetoka ofisini sasa hivi.

Unaikumbuka ile video ya baba, aliyorekodi akiongea nasi kabla ya operesheni iliyomwondolea sauti? Mdogo wangu alinitumia kwa app yetu, hii hii tunayoitengeneza kazini. Akaona tiki ya kijani, "Imefika". Akaifuta video kwenye simu yake apate nafasi.

Haikufika. Mtandao ulikatika katikati. Kilichopo kwetu ni kipande kisichofunguka.

Nikamuuliza fundi wetu wa programu, hiyo tiki ilitoka wapi? Anatafuna, ananijibu mdomo umejaa: "Tiki inatokea faili ikianza tu kuondoka. Watu hawapendi kusubiri."

Ikianza tu kuondoka. Yaani tunawaambia watu imefika, kumbe ndiyo kwanza inatoka mlangoni. Mtandao ukikatika, app haijaribu tena wala haisemi kitu. Na walijua. Wote walijua, wakanyamaza.

Nikaenda kwa bosi. Hata macho hakuinua. "Basi mwambie mzee arekodi tena."

Arekodi tena.

Bosi huyu huyu alikuja kumwona baba hospitali baada ya operesheni, na baba akamwandikia asante kwenye karatasi.