Kumbukumbu za Kikao cha Familia Kuhusu Uvimbe wa Baba na Tarehe ya Harusi

Siku: Jumapili, baada ya chakula cha mchana
Mahali: Chumbani kwa Mwenyekiti na Katibu, kwa kuwa tangu wiki hii Katibu hawezi kushuka ngazi
Waliohudhuria: Mama (Mwenyekiti), binti mkubwa (Muuguzi), kitindamimba (fundi umeme, maarufu kama Waya), Baba (Katibu)
Aliyetoa udhuru: Mchumba wa Waya, yuko kazini

KUMB. NA. 1: TAARIFA YA KATIBU
Katibu alitangaza kwamba tangu mwaka jana, alipokatwa titi la kushoto kwa saratani, ameificha familia majibu ya kipimo cha vinasaba vya uvimbe. Alieleza kuwa maabara huangalia jinsi vinasaba vya uvimbe vilivyobadilika, kisha hukadiria uwezekano wa saratani kurudi. Yeye aliwaambia wote kwamba uvimbe ni mpole. Majibu yalisema ni mkali. Daktari alishauri dawa za dripu. Katibu, aliyeona zilivyomtesa marehemu dada yake, alizikataa, na nyumbani akasema hazihitajiki.

Mwenyekiti alisema, "Mume wangu, tunalala kitanda kimoja, umeshindwa hata kuninong'oneza?" Katibu alijibu kuwa alipenda kumsikia akikoroma kwa amani. Mwenyekiti alikanusha kukoroma. Wajumbe walithibitisha kwamba hukoroma.

Muuguzi alianza kulia. Mwenyekiti aliagiza machozi yasubiri Mengineyo. Yeye mwenyewe hakulizingatia agizo hilo.

KUMB. NA. 2: MJADALA
Muuguzi, baada ya kupenga kamasi, alieleza kwamba kipimo hicho hukisia kundi, hakimsemei mtu mmoja. "Baba, wapo wenye majibu kama yako na wanadunda mpaka leo. Tena waliochunguzwa karibu wote ni wanawake." Katibu alikubali kuwa hoja hiyo ni sahihi.

Waya alisema, "Mzee, redio mpya huiwashi mpaka usome maelekezo yote, halafu mwili wako ndio ukauruka!" Katibu alicheka hadi akakohoa. Kikao kilisimama ili anyweshwe maji.

KUMB. NA. 3: TAREHE YA HARUSI
Katibu aliomba harusi ya Waya, iliyopangwa mwakani, ifanyike mwezi huu, hata humu chumbani. Muuguzi alipinga, akisema huko ni kumzika Baba angali hai. Mwenyekiti alisema, "Atakuwepo, na suti yake nitaipunguza mwenyewe." Waya aliongeza, "Sifungi ndoa kwa ubashiri wa maabara, baba. Nakungoja." Iliamuliwa kwa kura tatu dhidi ya moja kwamba tarehe ibaki ileile.

KUMB. NA. 4: MENGINEYO
Machozi yaliruhusiwa. Hakuna aliyekuwa nayo tena. Waya alikuwa anamkanda Katibu miguu.

Saa kumi jioni Mwenyekiti alitaka kufunga kikao. Katibu aliomba asubiri. Alisema wajumbe wamejadili ubashiri, na wamejadili vizuri, lakini si huo uliomfanya aombe harusi ya mapema. Mwezi uliopita, alipoaga kwamba anakwenda kupimwa macho, alikwenda kupigwa picha ya ini. Saratani imekwisha kurudi.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................